Papa Si Mmoja: Kwa Nini Kutambua Aina za Papa na Taa Kunasaidia Kusimamia Uvuvi

Katika ukanda wetu wa pwani, watu wengi wanamfahamu papa kwa mchuzi kuliko kwa sura. Papa mkavu wa nazi ni kitoweo cha nyumba nyingi kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba. Taa naye huuzwa mbichi, hukaangwa na hukaushwa. Nyuma ya kila kipande kilichoko sokoni kuna mvuvi, tajiri wa chombo, mchukuzi, mchuuzi na mama anayekaanga, na wote hao wanasomesha watoto kwa kazi hiyo.

Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze jambo ambalo limekuwa likijitokeza mara kwa mara katika vikao vyetu na kamati za uvuvi za vijiji. Afisa uvuvi au mtafiti anapofika dikoni, haridhiki akiambiwa "papa, kilo arobaini". Anataka kujua ni papa wa aina gani, dume au jike, ana urefu gani na amevuliwa kwa zana gani. Baadhi ya wavuvi wanaona huo ni usumbufu. Wengine wanahofia kwamba ni njia ya kuwafungia bahari. Hoja zote mbili ni za haki na zinastahili majibu.

PAPA NA TAA NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Papa na taa ni ndugu. Wote hawana mifupa migumu kama changu au jodari. Mwili wao umejengwa kwa gegedu, kama ile iliyopo katika sikio la binadamu. Duniani kuna aina zaidi ya 1,200 za samaki wa jamii hii. Baadhi hawafiki urefu wa mkono wa mtu mzima, na mwingine, papa potwe anayeonekana Mafia, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani.

Jambo la msingi ni uzazi wao. Jodari mmoja jike hutoa mayai kwa mamilioni. Papa na taa hawako hivyo. Wengi hubeba mimba kwa miezi mingi, huzaa watoto wachache walio tayari kujitegemea, na huchukua miaka mingi kukomaa. Wapo papa ambao jike hukaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Taa mkubwa aitwaye manta kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya kupumzika miaka kadhaa. Kwa hiyo bahari ikipoteza majike wakubwa wa aina hiyo, pengo lake halizibiki kwa msimu mmoja au miwili.

Matokeo yake yanaonekana. Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2021 ilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya aina za samaki wa jamii hii zimo katika hatari ya kutoweka, na sababu kuu ni uvuvi uliopita kiasi. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulionyesha kuwa wingi wa papa na taa wa bahari kuu ulishuka kwa asilimia 71 kati ya mwaka 1970 na 2018.

SENTIMITA SABINI: MFANO WA PAPA WAWILI

Tuchukue papa wawili waliolazwa juu ya turubai dikoni. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 70 au zaidi kidogo. Bei yao inakaribiana na uzito wao unakaribiana. Katika daftari wataandikwa "papa 2".

Wa kwanza ni papa mdogo wa pwani, ambaye wataalamu humwita Rhizoprionodon acutus. Aina hii kwa kawaida haizidi sana urefu wa mita moja. Akifikia sentimita 70 hadi 80 anakaribia kuwa mtu mzima au tayari ni mtu mzima, na huenda ameshazaa.

Wa pili ni papa mbingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo. Aina ya mbingusi inayopatikana sana katika maji yetu huzaliwa ikiwa na urefu wa sentimita 40 hadi 55, na jike hakomai mpaka apite mita mbili. Kwa hiyo huyu wa sentimita 70 ni mtoto mchanga. Amezaliwa karibuni, na bila shaka si mbali na pale alipovuliwa, kwa sababu mbingusi wadogo hukaa katika ghuba na maji ya kina kifupi mpaka wapate nguvu.

Hapo ndipo usimamizi unapoanzia. Kwa papa wa kwanza, swali la kamati ni idadi: tunavua wangapi kwa mwaka, na je, wanapungua? Hata yeye si wa kuchezewa, kwa maana naye sasa amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini, lakini anakomaa mapema na anaweza kurudi akipewa nafasi. Kwa mbingusi, swali ni mahali na wakati: ghuba hii ni malezi ya watoto, je, tuendelee kutega nyavu hapa katika miezi wanayozaliwa? Kijiji kinachoandika "papa 2" hakiwezi kujua kwamba kina malezi ya mbingusi mlangoni pake. Kitakuja kujua siku wakubwa watakapokosekana.

HESABU YA JUMLA INAVYOFICHA MSIBA

Wapo watakaouliza: kama jumla ya kilo haijapungua, tatizo liko wapi? Jibu tunalipata kwa wenzetu wa Ulaya, ambao walikwisha kulipia somo hili.

Katika bahari ya Atlantiki Kaskazini kulikuwa na taa mkubwa sana, mwenye urefu unaozidi mita mbili, aliyejulikana kwa wataalamu kama Dipturus batis. Alikuwa wa kawaida kiasi kwamba jina lake la mitaani lilimaanisha taa wa kawaida. Kwa miaka mingi wavuvi na bandari waliandika taa wote kwa jina moja la jumla. Mwaka 1981 mtafiti Keith Brander alichapisha makala akionyesha kwamba taa huyo alikuwa ametoweka katika Bahari ya Ireland, na msiba huo ulipita karibu bila kuonekana. Taa wakubwa walipopungua, wale wadogo wanaokomaa mapema walijaza makapu. Uzito uliofikishwa bandarini haukupiga kelele, na daftari halikuwa na njia ya kusema nani ameondoka.

Kisa hicho hakikuishia hapo. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Samuel Iglésias wa Ufaransa walionyesha kwamba huyo "taa wa kawaida" hakuwa aina moja bali mbili zilizochanganywa tangu miaka ya 1920. Jike wa aina moja hukomaa akiwa na urefu wa karibu mita 1.2, na jike wa aina ya pili karibu mita 2. Kipimo cha samaki anayeruhusiwa kuvuliwa ambacho kingemfaa wa kwanza kingemaliza kabisa wa pili. Kuanzia mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulikataza kuleta taa huyo nchi kavu katika sehemu kubwa ya maji yake, na ukataka taa wengine waandikwe kwa aina. Hatua hiyo ilikuja wakati maeneo mengi yalikwisha kubaki matupu.

Katika Bahari ya Hindi magharibi nasi tumekuwa na desturi hiyohiyo ya kuandika "papa" na "taa" bila kutenganisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika kwenye madiko ya Kenya, Zanzibar na kaskazini mwa Madagaska, ulionyesha kuwa wavuvi wadogo wa kanda hii wanavua papa na taa wengi zaidi kuliko takwimu rasmi zinavyosema.

JINSI YA KUMTAMBUA

Habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji macho, kamba ya kupimia na mazoea. Tunaeleza alama chache ambazo mtu yeyote wa dikoni anaweza kuanza nazo.

Kwanza, tazama matamvua. Papa ana matundu ya matamvua ubavuni, nyuma ya kichwa. Taa ana matundu hayo chini, upande wa tumbo. Alama hii haidanganyi, hata pale umbo linapodanganya. Papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno kama msumeno, matamvua yake yako chini. Kwa hiyo, pamoja na kuitwa papa, yeye ni taa. Hali kadhalika wale samaki wenye mwili na mapezi kama papa lakini wenye kichwa bapa kilichochongoka mbele: wengi tunawahesabu kuwa papa, kumbe ni jamii ya taa, na karibu aina zote za kundi lao ziko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Pili, kwa mbingusi, tazama ukingo wa mbele wa kichwa. Kama una kibonyeo katikati na mawimbi pande zote mbili, huyo ni yule tuliyemtaja juu. Kama ukingo umenyooka karibu kama ubao, una kibonyeo katikati, na pezi la mgongoni ni refu sana lililopinda kama mundu, huyo ni mbingusi mkubwa. Kama ukingo umepinda taratibu na hauna kibonyeo katikati, huyo ni wa aina ya tatu.

Tatu, kwa papa upanga, hesabu meno ya upanga. Katika bahari yetu aina zake ni mbili. Mmoja ana meno 14 hadi 23 kila upande, yamepangwa kwa nafasi sawa, na pezi lake la kwanza la mgongoni huanza mbele ya mapezi ya tumboni. Mwingine ana meno 23 hadi 37, nayo husogeleana kadiri yanavyokaribia ncha. Siku hizi kumwona yeyote kati ya hao ni jambo la nadra. Hata upanga wa zamani uliotundikwa ukutani kwa mzee wa kijiji ni kumbukumbu yenye thamani, maana unatuambia nani aliishi katika mito na mikoko yetu.

Nne, jinsia. Dume wa papa au taa ana viungo viwili virefu vinavyoning'inia kati ya mapezi ya tumboni, jike hana. Viungo hivyo vikiwa vifupi na laini, dume bado ni kijana. Vikiwa virefu na vigumu, amekomaa.

Wapo papa wanaofanana mno, hasa wale wa kijivu wenye ncha nyeusi za mapezi. Hao hata wataalamu hubishana. Hapo picha husaidia: moja ya ubavu mzima, moja ya kichwa kwa chini, na kamba ya kupimia ionekane. Inapobidi, kipande kidogo cha nyama huchukuliwa kupima vinasaba katika maabara. Njia hiyo hutumika hasa pale samaki ameshakatwa au limebaki pezi kavu peke yake, ambapo macho hayana la kusema.

JINA JIPYA, MPANGO MPYA

Wataalamu wenyewe bado wanajifunza. Mpaka mwaka 2009 ilidhaniwa kuwa duniani kuna manta mmoja tu. Mwaka huo Andrea Marshall na wenzake, baada ya kazi ndefu katika pwani ya Msumbiji, walionyesha kwamba ni aina mbili. Mmoja hukaa karibu na miamba ya pwani na hurudi palepale mwaka hadi mwaka. Mwingine ni mkubwa zaidi na husafiri mbali katika bahari kuu. Mwaka 2025 aina ya tatu ilielezwa kutoka Atlantiki.

Kwa msimamizi wa uvuvi tofauti hii ni kubwa. Manta wa miambani anaweza kulindwa na kijiji au hifadhi moja ikiamua. Yule msafiri hawezi kulindwa bila nchi kadhaa kukubaliana, kwa sababu anayelindwa kwetu leo kesho yuko kwa jirani.

Hapa Tanzania tunao mfano mwingine, ingawa samaki wake si papa. Mwaka 2003 samaki wa ajabu alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa. Alitambuliwa kuwa silikanti, samaki ambaye mpaka mwaka 1938 wataalamu waliamini amekwisha kutoweka zamani za kale. Muda si mrefu wengine wakaanza kunaswa Tanga katika jarife, nyavu za macho makubwa zilizotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa. Kwa kuwa samaki hao walitambuliwa na kuandikwa, mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Wangeandikwa "samaki wengineo", jambo hilo lisingetokea.

SHERIA ZA BIASHARA NAZO ZINAULIZA JINA

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, unaojulikana kama CITES, hupanga viumbe kwa aina. Mkutano wa Bangkok wa mwaka 2013 uliingiza aina tatu za mbingusi pamoja na manta katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya nje inahitaji kibali. Mwaka 2019 huko Geneva waliongezwa wale taa wenye umbo la papa. Mwaka 2022 huko Panama iliingizwa jamii nzima ya papa wa kijivu, ambayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mapezi yanayouzwa duniani. Mwishoni mwa mwaka 2025, mkutano wa Samarkand uliamua kuwahamishia papa potwe na manta kwenye orodha ya juu, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa.

Kibali hicho hakitolewi hivi hivi. Nchi inapaswa kuonyesha kwamba biashara hiyo haitaiangamiza aina husika. Itaonyeshaje kama madaftari yake yanasema "papa" tu? Nchi isiyo na takwimu za aina hubaki na njia mbili: kukataa vibali vyote, au kuvitoa kwa kubahatisha. Ya kwanza inamuumiza mfanyabiashara mwaminifu. Ya pili inaimaliza bahari. Daftari la dikoni, ambalo wengi hulidharau, ndilo msingi wa uamuzi wa mezani.

HOFU YA KUFUNGIWA BAHARI

Tunarudi kwenye hoja ya wavuvi. Je, kuandika aina si kujitafutia marufuku?

Hatuwezi kuahidi kwamba hakuna vizuizi vitakavyokuja. Kwa papa upanga, kwa mfano, hakuna mahesabu yoyote yanayoweza kuruhusu kumvua. Lakini pasipo kutambua aina, kizuizi kikija huja kwa wote: jarife lote, papa wote, mwaka mzima. Penye takwimu za aina, kamati inaweza kujadiliana na serikali juu ya kitu mahususi, kama vile ghuba fulani, miezi fulani au ukubwa wa macho ya nyavu.

Tena, aina hutuambia ni hatua gani itafaa. Mbingusi hufa upesi akinaswa wavuni. Kumwambia mvuvi amwachie mbingusi akishamkuta kwenye jarife mara nyingi ni kumwambia arudishe maiti baharini huku nyumbani hakuna kitoweo. Kwake yeye dawa ni kutotega mahali na wakati anapopatikana. Wale taa wenye umbo la papa ni wavumilivu zaidi. Hukaa chini na huweza kupumua bila kuogelea, hivyo wengi hufika juu wakiwa hai. Kwao, kuachia ni hatua yenye maana, mradi nyavu zikaguliwe mapema. Amri moja kwa wote haiwezi kuona tofauti hiyo.

VIJIJI VIFANYE NINI?

Kwa kamati na vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi (BMU) tunapendekeza yafuatayo:

1. Mchague watu wawili au watatu wa dikoni, wakiwemo wanawake wachuuzi, wawe waandishi wa papa na taa. Wachuuzi huwaona samaki wote, hata wale ambao nahodha hawataji.

2. Muandike majina yenu ya kienyeji kwanza, kisha mwombe afisa uvuvi wa wilaya au Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) awasaidie kuyalinganisha na majina ya kitaalamu. Jina moja la kienyeji linaweza kubeba aina nne, na aina moja inaweza kuitwa majina mawili katika vijiji jirani. Picha ndiyo inayoamua.

3. Kwa kila samaki muandike tarehe, eneo, zana, urefu, jinsia, na kama jike alikuwa na mimba.

4. Mpige picha kabla samaki hajakatwa. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha.

5. Kila baada ya miezi mitatu matokeo yasomwe katika mkutano wa kijiji. Takwimu zinazoondoka na gari la mtafiti bila kurudi huwavunja watu moyo, na wana haki ya kukasirika.

6. Wazee waulizwe. Wao wanakumbuka ni papa gani walikuwepo na hawapo tena, na kumbukumbu hiyo haimo katika daftari lolote.

HITIMISHO

Kutambua aina peke yake hakuokoi samaki. Daftari linaweza kujaa majina sahihi huku bahari ikiendelea kupungua, kama hakuna anayelisoma na kuchukua hatua. Lakini hakuna hatua ya busara inayoweza kuchukuliwa juu ya samaki asiye na jina. Mfugaji hasemi "nina wanyama thelathini". Anajua mbuzi ni wangapi, ng'ombe ni wangapi, na ni yupi mwenye mimba. Bahari nayo ni zizi letu, na inafaa tuihesabu hivyo.

Vijiji vitakavyopenda kuanza kazi hii tunavikaribisha viwasiliane na ofisi ya miradi, ili tusaidiane kuandaa daftari na kuwaomba wataalamu wafike. Tutafurahi pia kupokea orodha za majina ya kienyeji ya papa na taa kutoka kila diko, ili tuyalinganishe kijiji kwa kijiji.